Nenda nyuma ya jiwe

Jumatatu ya wiki ya mitihani, saa moja na nusu asubuhi, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamebanana mbele ya kaunta yangu, kila mmoja na simu mkononi, na printa mpya niliyoinunua kwa laki nne na nusu imetulia mezani kama mgeni aliyekataa chai. Taa yake ya waifai ilikuwa inawaka buluu bila kukonyeza, maana yake imeingia mtandaoni. Simu yangu nayo imeingia kwenye mtandao huohuo. Ruta iko ukutani, hatua tatu kutoka kwa wote wawili. Na simu inaniambia: hakuna printa iliyopatikana.

Nikazima printa, nikawasha. Nikazima ruta, nikawasha. Nikazima simu, nikawasha. Kijana wangu wa dukani akashauri tuzime vyote vitatu kwa pamoja kisha tuwashe kwa mpangilio, kwanza ruta, halafu printa, halafu simu. Tukafanya hivyo taratibu, kimya, kama watu wanaowasha mishumaa ya altareni. Hakuna printa iliyopatikana.

"Mzee, si tutumie flashi tu?" binti mmoja akaniuliza, kwa heshima zote.

Flashi ndiyo niliyokuwa naikimbia. Miaka minne nimepokea flashi za chuo kizima kwenye kompyuta yangu, na kila moja inakuja na virusi wake. Mwanafunzi anachomeka, mafaili yake yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka, ananitazama mimi kana kwamba nimeyala. Ndiyo maana nilitafuta printa isiyotumia waya. Mteja anatuma kutoka kwenye simu yake, karatasi inatoka, ananipa shilingi mia kwa ukurasa, anaenda zake. Muuzaji wangu wa mjini alinionyesha pale dukani kwake, sekunde kumi, karatasi hiyo hapo. Nikalipa nikiwa natabasamu.

Kilichoniumiza zaidi siyo hasara. Kabla ya steshenari hii ya Malimbe, hapa Mwanza, nilikuwa fundi redio. Kibanda changu kilikuwa Mabatini, na watu wa Ukerewe na Kome walikuwa wanateremka na redio zao kwenye mifuko ya rambo wananiulizia mimi. Nimeishi kwa mawimbi. Nilikuwa na meza imejaa redio zisizo na mifuniko, na kichwa changu kilikuwa kimejaa mita bendi, yaani urefu wa mawimbi ya stesheni za mbali: mita 49 usiku, mita 25 mchana. Wiki ilipozama MV Bukoba, Mei 1996, nilitengeneza redio mpaka saa sita za usiku na sikutoza mtu, kwa sababu kila nyumba ilitaka kusikia taarifa. Sasa mtu kama huyo, mbele ya wanafunzi kumi na mmoja, anashindwa kuvuka hatua tatu za hewa.

Na hapa niseme kinachonikera, maana nimekaa nacho moyoni muda mrefu. Redio mbovu inakuambia ugonjwa wake. Ikinguruma hata ukiwa umepunguza sauti mpaka mwisho, kapasita za upande wa umeme zimechoka. Ikikwaruza unapozungusha sauti, voliyumu imeingia vumbi, dondoshea spiriti, zungusha mara ishirini, imepona. Ikikata na kurudi ukiipiga kofi, kuna mahali risasi ya kuchomelea waya imeachia. Ikishika stesheni kwa mbali, kama mtu anayeongelea ndani ya mtungi, fungua utazame ile koili kwenye fimbo nyeusi ya feraiti, mara nyingi uzi mmoja mwembamba kama unywele umekatika. Redio za wavuvi wa dagaa nilikuwa sihitaji hata kuziwasha. Nafungua mlango wa betri, nakuta ukungu wa kijani kwenye springi, najua imelala mtumbwini. Kila ugonjwa ulikuwa na sauti yake, na sikio ndilo lililokuwa kipimo changu cha kwanza.

Hivi vifaa vya siku hizi vina magonjwa kumi na sentensi moja. Neno la siri umekosea: haikuweza kuunganishwa. Kifaa kimeshikwa na simu nyingine: haikuweza kuunganishwa. Anwani imebadilika, masafa hayalingani, bando limekwisha, chaji imebaki kidogo: haikuweza kuunganishwa, jaribu tena. Ni kama daktari ambaye kila anayeingia anamwandikia "unaumwa". Nakubali kwamba ndani ya hicho kidude kuna kompyuta ndogo inayojua kabisa imeshindwa wapi. Basi si iseme?

Turudi dukani. Wanafunzi wengine walikuwa wameanza kuondoka. Nikachukua simu nikatoka nje nimpigie muuzaji, na kwa kuwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa hayakufaa kusikiwa na watoto wa watu, nikazunguka nyuma ya jiwe.

Kwa asiyeijua Malimbe: ni Nyegezi kwa upande wa ziwani, kilipo chuo cha SAUT, na kama sehemu nyingi za Mwanza, mawe yalikuwepo kabla ya viwanja. Hakuna anayeyang'oa. Mtu anajenga ukuta mpaka unapokutana na jiwe, kisha jiwe lenyewe linakuwa ukuta. Duka langu limeegemea jiwe la itale lililokwenda juu kupita paa. Upande wa pili wa jiwe kuna mwembe, choo na kamba ya mama watoto ya kuanikia nguo. Pale ndipo ninapokwenda kusema mambo yangu.

Nikasema. Muuzaji akasema nizime printa nikawashe. Nikakata simu. Na nilipotazama kioo, ile programu ya kuprinti ilikuwa bado iko wazi, na jina la printa lilikuwa limetokea. Kamili, na alama ya kijani pembeni.

Nilikuwa na faili la mtu tayari. Nikabonyeza. Kutoka upande wa pili wa jiwe nikasikia printa inakohoa, inavuta karatasi, kisha kelele za wanafunzi, kama uwanjani Kirumba siku timu ya nyumbani imefunga.

Nikarudi mbele mbiombio. Printa imepotea. Nikaenda nyuma ya jiwe. Ipo. Mbele, haipo. Nyuma, ipo. Nilifanya hivyo mara tano, na kijana wangu akawa ananifuata akihesabu. Mwisho tukaacha kutafuta sababu, kazi ilikuwa nyingi. Watu wakawa wananitumia mafaili kwa WhatsApp, mimi nasimama kwenye mwembe nabonyeza, kijana anapokea karatasi na hela. Kufika saa tano nilichoka kuwa mjumbe, nikawapa neno la siri la waifai, nikawaambia waende wenyewe. "Nenda nyuma ya jiwe" ikawa ndiyo maelekezo ya dukani. Foleni ikahamia kwenye kamba ya nguo. Mama watoto alitoka mara moja, akatazama vijana wamesimama katikati ya mashuka yake wameinua simu juu, akarudi ndani bila kuuliza.

Usiku sikulala vizuri. Ningeelewa kama printa ingeonekana karibu na ikapotea mbali, hiyo ni kawaida, ndiyo tabia ya wimbi. Lakini hii ilikuwa kinyume chake. Mbele ya duka mawimbi yalikuwa yamejaa, simu inaonyesha mistari yote. Nyuma ya jiwe, mistari miwili, na kati yangu na ruta kuna jiwe ambalo hata nyundo ya kilo nane inalibembeleza. Palipo na nguvu haifanyi kazi, palipo dhaifu inafanya. Kwenye maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kumwambia mteja aishushe antena ndipo redio ishike.

Alfajiri nikaenda mbele ya duka nikabonyeza jina la mtandao kwenye simu, sehemu ile ya maelezo ambayo hakuna anayeisoma. Imeandika masafa: 5 GHz. Nikatembea hadi nyuma ya jiwe, nikabonyeza tena. 2.4 GHz. Nikakaa chini pale kwenye mzizi wa mwembe nikacheka peke yangu.

Ruta yangu, kama ruta nyingi zinazouzwa sasa, inarusha mitandao miwili chini ya jina moja. Mmoja ni wa 2.4 GHz, ambao wimbi lake lina urefu wa kama sentimita 12. Wa pili ni wa 5 GHz, wimbi lake sentimita 6 hivi. (Mtu aliyezoea mita 49 akisikia sentimita 6 anahisi kama ameambiwa apime ng'ombe kwa kijiko.) Ule wa sentimita 6 unabeba mzigo mkubwa na una haraka, lakini unachoka upesi, na ukuta unaupunguza nguvu. Ule wa sentimita 12 ni mzito kidogo ila unafika mbali na unapenya zaidi. Simu ikiwa karibu na ruta inachagua wenye haraka. Ikienda nyuma ya jiwe, ule wa haraka unafia kwenye itale, simu inarudi kwa ule mzito.

Na printa yangu haijui kabisa 5 GHz. Iliumbwa na masikio ya 2.4 tu. Kwa kawaida hilo si tatizo, kwa sababu ruta ndiyo mkalimani: kinachotoka huku inakipeleka kule. Ila simu inapotafuta printa haimwendei mmoja mmoja, inapiga mbiu kwa nyumba nzima, "nani hapa anaprinti?", na printa inaitika. Ruta yangu ilikuwa inapeleka mizigo ya kawaida vizuri, ila mbiu ilikuwa haiivushi kutoka chumba kimoja kwenda cha pili. Simu inaita chumba cha haraka, printa imekaa chumba cha pili inasubiri kuitwa. Nyuma ya jiwe, jiwe lilikuwa linaisukuma simu yangu iingie kwenye chumba kilekile cha printa.

Kwa hiyo kwa lugha ya Mabatini redio ilikuwa nzima na antena ilikuwa nzima, mshale tu ulikuwa kwenye stesheni nyingine. Kitu cha sekunde moja. Nilihitaji siku nzima, usiku mzima na tani kadhaa za mawe ili nikione, kwa sababu sentensi niliyopewa ilikuwa "hakuna printa iliyopatikana" badala ya "printa yako iko upande wa pili wa ruta hii."

Kuitibu ilichukua dakika kumi. Unafungua kivinjari, unaandika 192.168.1.1, unaingia na yale maneno yaliyobandikwa chini ya ruta, unatafuta mahali pa kutenganisha majina. Mmoja nikauita Dukani, wa pili Dukani Haraka. Printa na wateja wako Dukani. Haraka nimemwachia binti yangu na video zake.

Ningekuwa mtu wa kuridhika ningeishia hapo. Ila Jumatano bando liliisha.

Hili sikulitarajia kabisa. Ruta yangu inatumia laini ya simu, na bando likiisha ule mtandao wa ndani haufi. Ruta inaendelea kurusha, printa inaendelea kusikia, na kutoa karatasi ndani ya duka hakuhitaji intaneti hata chembe, ni safari ya hatua tatu. Lakini simu zina wivu. Inachungulia nje, inaona njia imefungwa, inaamua waifai hii haina faida, na inahamia kwenye data ya laini yake kimyakimya huku ile alama ya waifai ikiwa bado inakudanganya pale juu. Printa inapotea. Nyingine zinakuuliza kama unataka kubaki, na kwa kuwa swali lenyewe limeandikwa kama onyo, watu wanabonyeza hapana. Sasa kabla mteja hajatuma, kijana wangu anamwambia "zima data kwanza." Wanafikiri tunawaibia kitu.

Halafu umeme ukakatika. Wa Mwanza tunajua kukaa bila umeme, shida ni unaporudi. Kila kifaa kikiwaka kinaiomba ruta anwani, na ruta inagawa upya kwa jinsi wanavyowahi mlangoni. Kabla ya giza printa ilikuwa namba 5. Umeme uliporudi, simu ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasubiri iliwahi ikachukua 5, printa ikapewa 8. Kompyuta ya dukani haikuambiwa. Ikaendelea kupeleka kazi kwa namba 5, yaani ilikuwa inamprintia CV mtu ndani ya simu yake. Kijana akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara sita, kwa sababu vijana wanaamini kitufe ni mlango, ukigonga sana kitafunguliwa. Nilipoingia kwenye ruta nikaifungia printa anwani yake ya kudumu, zile kazi zote zilizokuwa foleni zikatoka kwa mkupuo: CV ya kurasa nne, nakala sita, mwenyewe akitazama uso wake ukitoka mara sita akiwa amevaa tai. Akalipa mia nne yake akachukua moja. Nyingine nimezigeuza karatasi za kufungia kalamu, kwa upande mweupe, maana ana namba ya simu mle.

Nyumbani nako nina kesi.

Nina sabufa ya bluetooth sebuleni. Nilikuja kusoma kwamba jina hilo limetoka kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeitwa Jino la Bluu, ambaye anasifiwa kwa kuwaunganisha Wadenmark na Wanorwe. Wahandisi wa Ericsson walianza kazi ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake kule Lund, Sweden, mwaka 1994, na makampuni yalipokutana mwaka 1998 kufanya kiwango kimoja wakachukua jina la mfalme. Ile alama yake ni herufi zake mbili za kale zilizobebana. Nimelipenda wazo hilo. Sisi huku Usukuma tulikuwa na watemi, kila mmoja na utemi wake na ngoma yake, na kuwakalisha pamoja haikuwa kazi ya mtoto. Ila ningependa Harald aje kwangu Jumamosi moja jioni aone ufalme wake.

Kiufundi bluetooth ni kitu cha kuvulia kofia. Iko kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz, pamoja na waifai na jiko la maikrowevu, sokoni kwenye kelele zote, na inakwepa kwa kurukaruka: njia 79, inahama mara 1,600 kwa sekunde, na simu na spika zinahama pamoja bila kupotezana. Mimi niliyekuwa nahangaika na redio kuhama stesheni yenyewe kwa joto, hilo nalisujudia. Kwa hiyo hewani hakuna shida. Shida ni nani ameshikana na nani, na sabufa yangu haijali. Haiombi namba ya siri. Yeyote inayemkumbuka, akiwa karibu na yenyewe iko huru, inamkumbatia.

Jumuiya ilikuwa kwetu Jumamosi hiyo. Mpiga kinanda alisafiri kwenda Geita, nikajitolea kupiga wimbo wa kuanzia kutoka kwenye simu yangu, sabufani. Ukapigwa vizuri, watu wakaimba. Tukaingia kwenye sala. Mimi nikatoka kwenda kumpokea mjomba aliyekuwa amepotea njia kule juu barabarani, na simu nikaondoka nayo mfukoni.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama watoto. Nilipofika getini sabufa ikasema kwa ule ukali wake wa kike kwamba imeachwa. Sekunde chache, ikasema imepata mwingine. Watu wakafungua jicho moja. Na katikati ya sala, kwa sauti ya kutikisa vikombe kabatini, mwanamke akaanza: "Dada, habari za tangu juzi. Nakukumbusha tu ile elfu themanini ya kikoba. Hii ni wiki ya tatu. Na usifikiri sikuoni unavyopita njia ya chini."

Ilikuwa simu ya jirani yetu, upande wa pili wa ukuta. Pasaka kijana wake aliiazima sabufa kwa ajili ya kipaimara, akaiunganisha kwa simu ya mama yake, na vitu hivi viwili havikuwahi kusahauliana. Jirani amekaa barazani kwake anafungua ujumbe wa sauti, simu iko kimya. Akadhani sauti iko chini. Akaongeza. Akarudia kucheza kutoka mwanzo. "DADA, HABARI ZA TANGU JUZI."

Mama watoto ndiye aliyechomoa waya wa umeme ukutani. Katekista, mtu makini sana, alikuwa amesimama na macho amefumba wakati wote. Akakohoa kidogo, akaendelea alipokuwa ameishia, na alikuwa ameishia kwenye "utusamehe makosa yetu." Wanasema kuna mzee mmoja ilibidi atoke nje.

Jirani hajui mpaka leo. Tunasalimiana asubuhi, namuitikia, nakwepa macho yake, yeye anadhani nina jambo naye. Dawa ya sabufa nimeipata: kwenye hii yangu unabana kitufe cha kucheza kwa kama sekunde kumi mpaka ilie mara mbili, inasahau watu wote. Nafanya hivyo kila Ijumaa. Nimejaribu kumshauri mama watoto turudi kwenye ule waya mweusi wa kuchomeka, ambao haukuwahi kutangaza madeni ya mtu, ila simu yake mpya haina hata tundu la kuuchomekea.

Dukani mambo yametulia. Mitandao imetengana, printa ina anwani yake ya kudumu, na kuna waya wa printa wa elfu sita umening'inia kwenye msumari kwa ajili ya siku za wazimu. Nimebandika karatasi kwenye kaunta: PRINTA INAONEKANA UKIWA POPOTE DUKANI. SI LAZIMA KWENDA NYUMA YA JIWE.

Hakuna anayeisoma. Waliokuwepo Jumatatu ile wamewaambia wenzao, na wenzao wamewaambia wa mwaka wa kwanza. Na kwa kuwa ule mtandao wa 2.4 unafika kule, anayekwenda nyuma ya jiwe anafanikiwa, na anarudi na ushahidi. Juzi mvua imenyesha ile ya kutoka ziwani, ya kuja bila salamu, nikamwona kijana amesimama chini ya mwembe, begi kichwani, simu ameibana kifuani. Printa ikakohoa. Akaja kaunta amelowa mpaka soksi.

"Shikamoo mzee. Imekubali."

"Marahaba. Ingekubali hata hapa ulipo, mwanangu, ukiwa mkavu."

Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayeuziwa kitu asichokihitaji, akahesabu kurasa zake saba, akaweka mia saba mezani. Mama wa chapati, ambaye miaka yote alikuwa anakaa karibu na geti la chuo, tangu juma lililopita amehamishia jiko lake kule nyuma, kwenye kamba ya nguo. Anasema biashara ni nzuri.